Kila Simu Inatetemeka, Lakini Nani Analipwa? Dhana Potofu Kuhusu Kuwekeza Katika Teknolojia ya Mguso

Katika miaka yote ninayowashauri watu binafsi kuhusu ununuzi wa hisa za ng'ambo, hakuna hoja niliyoisikia mara nyingi kama hii: kila simu duniani inatetemeka, ipo kampuni inayomiliki hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, za mtetemo huo, kwa hiyo anayenunua hisa zake anapata fungu lake katika kila simu inayouzwa. Mwezi uliopita aliileta mwalimu mstaafu aliyekuwa tayari kuweka humo sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Aliweka simu yake mezani, akaandika maneno mawili matatu ili nisikie kibodi ikitetemeka chini ya kidole, akaniambia, "Ushahidi ndio huu." Nilimheshimu kwa kuanza na kitu anachokishika mkononi, lakini ushahidi ule ulithibitisha kwamba teknolojia ya mguso, yaani ya kumfanya mtu ahisi kitu kwa mtetemo, imeenea na hakuna zaidi. Haukusema ni nani anayelipwa, analipwa kiasi gani na kwa muda gani, na hayo matatu ndiyo anayoyanunua mwenye hisa.

Kampuni ambayo wengi huwa nayo akilini ni Immersion, iliyoanzishwa na Louis Rosenberg huko California mwaka 1993 na kuingia katika soko la hisa la NASDAQ la Marekani mwezi Novemba 1999 kwa bei ya dola 12 kwa hisa. Inajulikana zaidi kwa biashara ya kumiliki hataza na kuzitolea leseni kwa watengenezaji wa simu, padi za michezo ya video na magari, ili walipe mrabaha, yaani ada ya kutumia uvumbuzi huo. Kisa kinachowavutia wateja wangu ni cha mwaka 2002, Immersion ilipowashtaki Sony na Microsoft ikidai kwamba padi zao zilitumia mbinu zake za mtetemo bila idhini. Microsoft ililimaliza shauri lake mwaka 2003 kwa dola milioni 26, sehemu ya fedha hizo ikiwa ni ya kununua hisa za Immersion yenyewe. Sony ilipigana mahakamani, na mwezi Septemba 2004 ikatakiwa kulipa fidia ya dola milioni 82. Ilikata rufaa, mashine yake ya PlayStation 3 ikatoka mwaka 2006 ikiwa na padi isiyotetemeka, na hatimaye mwezi Machi 2007 pande mbili zikapatana. Kabla ya mwaka huo kuisha Sony ilianza kuuza Japani padi mpya yenye mtetemo. Anayeishia hapo anaona kampuni ndogo iliyoyashinda makubwa, na anahitimisha kwamba kila mtengenezaji atapiga magoti vivyo hivyo.

Namsihi kila mtu aendelee kusoma, kwa sababu mafunzo ya mwekezaji yamo katika sehemu ambayo wasimuliaji huiruka. Kwanza, Microsoft ilirudi mahakamani ikidai kwamba makubaliano ya 2003 yaliipa haki ya kugawiwa fedha zitakazotoka kwa Sony, na mwaka 2008 Immersion ikakubali kuilipa dola milioni 20.75. Mwenye hisa aliyekuwa amezihesabu fedha za Sony kuwa zake zote hakuwa amekisoma kifungu hicho. Pili, fedha za kesi huja mara moja. Mwaka zinapoingia, hesabu za kampuni hung'aa na bei ya hisa hupanda. Mwaka unaofuata mapato hurudi pale yalipokuwa, na aliyenunua kwa kutazama mwaka ule mmoja hubaki ameshikilia bei ambayo biashara ya kawaida haiwezi kuibeba.

Jambo la tatu ndilo ninalolirudia mpaka sauti inikauke. Tangu mwishoni mwa 2006 Sony iliuza mamilioni ya PlayStation 3 zisizo na mtetemo, na watu wakazinunua. Maana yake ni kwamba mtengenezaji ana njia ya tatu mbali ya kulipa au kushtakiwa: anaweza kukiondoa kipengele chenyewe, au kukitengeneza kwa namna nyingine isiyoigusa hataza. Kwa hiyo mrabaha hauwezi kuzidi gharama ya kuishi bila teknolojia hiyo au ya kuizunguka. Katika dawa inayookoa maisha gharama hiyo ni kubwa sana, na mwenye hataza hutoza atakavyo. Katika mtetemo wa kibodi gharama hiyo ni ndogo, kwa kuwa hakuna anayeacha kununua simu kwa sababu herufi zake hazitetemeki. Hataza nayo hudumu miaka 20 tangu siku ya kuombwa; zile zilizoombwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, ambazo ndizo zilizoijengea kampuni sifa, zimekwisha muda wake. Mpya zipo, lakini kila moja huanza upya safari ya kuthibitishwa, kupingwa na kuzungukwa.

Nilimwomba mwalimu tupige hesabu pamoja. Katika miaka ya 2021, 2022 na 2023 mapato ya Immersion kwa mwaka yalikuwa chini ya dola milioni 40. Simu janja zinazouzwa duniani kila mwaka zinazidi bilioni moja. Hata tukijifanya kwamba mapato hayo yote yalitoka kwenye simu, na tukasahau padi na magari, kila simu inaipa kampuni chini ya senti nne za dola. Hiyo ndiyo "sehemu ya kila simu" inayosimuliwa. Mwishoni mwa 2023 hisa ilikuwa ikiuzwa karibu dola 7, ilhali katika miaka 24 tangu iingie sokoni mtetemo ulikuwa umetoka kwenye padi chache za michezo hadi kwenye mfuko wa karibu kila mtu mzima. Teknolojia ilishinda kuliko alivyotarajia yeyote, na aliyenunua kwa dola 12 siku ya kwanza hakufika nayo.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hushtuka wakilisikia. Mwezi Juni 2024 Immersion ilichukua udhibiti wa Barnes & Noble Education, kampuni inayoendesha maduka ya vitabu katika vyuo vya Marekani, kwa kupata takriban asilimia 42 ya hisa zake. Mapato ya maduka hayo ni makubwa mara nyingi kuliko ya hataza. Anayenunua Immersion leo akidhani ananunua teknolojia ya mguso, kwa sehemu kubwa ananunua uuzaji wa vitabu vya kiada. Huenda huo ukawa uamuzi mzuri wa wasimamizi, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mtu anayenunua kitu kimoja huku akiamini ameshika kingine, ilhali taarifa yote imo katika ripoti ya mwaka ambayo ni bure. Ndiyo maana simruhusu mteja anionyeshe mchoro wa bei kabla hajanionyesha ripoti hiyo, na kwa kampuni ya hataza namtaka anitafutie mambo matatu: wateja wanaotoa zaidi ya asilimia 10 ya mapato, muda uliobaki wa hataza muhimu, na namna kampuni inavyotumia fedha taslimu ilizonazo.

Wapo wanaoiacha hoja ya hataza wakakimbilia nyingine inayofanana nayo, kwamba ni salama zaidi kununua hisa za kampuni inayoiuzia Apple vipuri vya mtetemo, kwa kuwa Apple haifilisiki. Kwa kweli Apple haihitaji kufilisika ili msambazaji wake aumie. Mfano ni Cirrus Logic ya Texas, ambayo kwa miaka kadhaa imepata zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake kutoka kwa mteja huyo mmoja, na chipu za kuendesha mtetemo ni miongoni mwa bidhaa zake. Mwishoni mwa 2022 mchambuzi Ming-Chi Kuo alieleza kwamba baadhi ya simu za Apple za mwaka uliofuata zingekuwa na vitufe visivyosogea, ambavyo mbonyezo wake ungeigizwa kwa mtetemo, na wawekezaji wakaanza kuhesabu chipu za ziada. Mwezi Aprili 2023 mchambuzi huyo huyo akasema mpango umeachwa, na hisa za Cirrus zikashuka siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata kampuni iliwaeleza wanahisa kwamba bidhaa moja mpya iliyotarajiwa msimu wa vuli haitaingia sokoni kama ilivyopangwa. Hakuna chipu iliyoharibika wala mhandisi aliyekosea. Mteja alibadili mawazo, basi. AAC Technologies ya Shenzhen, iliyoorodheshwa Hong Kong tangu 2005, nayo hutengeneza vitetemeshi vya simu, lakini hutengeneza pia spika na lenzi, kwa hiyo bei ya hisa yake inaweza kushuka kwa sababu ya lenzi huku vitetemeshi vikiuzwa vizuri.

Dhana ya tatu ni kwamba mguso ulio bora zaidi lazima ushinde sokoni, kwa kuwa binadamu hupenda kuhisi anachobonyeza. Mwaka 2008 BlackBerry ilitoa Storm, simu ambayo kioo chake chote kilibonyea kama kitufe kimoja kikubwa, na wanunuzi wakalalamika kwamba kuandika kulikuwa kwa taabu. Apple ilitoa 3D Touch katika iPhone 6s mwaka 2015, ikiwa na tabaka la vihisi lililotambua kidole kimekandamiza kwa nguvu kiasi gani. Lilikuwa jambo la ustadi mkubwa. Iliacha kuiweka katika iPhone XR mwaka 2018, na mwaka 2019 ikaiondoa katika simu zake zote mpya, nafasi yake ikichukuliwa na programu inayopima muda ambao kidole kimekaa kwenye kioo, kisha kitetemeshi kilichokuwamo tayari kikatoa mdundo mfupi. Katika bidhaa za watu wengi, kinachotosha kwa bei ndogo hukiondoa kilicho bora kwa bei kubwa, na aliyewekeza kwa mtengenezaji wa lile tabaka alipoteza mteja bila teknolojia kushindwa kufanya kazi. Nakiri kwamba michezo ya video ina hali tofauti: Nintendo Switch ya 2017 na padi ya PlayStation 5 ya 2020 zilitangazwa waziwazi kwa ubora wa mtetemo wake, kwa kuwa mchezaji hununua hisia yenyewe. Huko ndiko ninakoona ubora ukilipiwa, ingawa anayelipwa zaidi ni mwenye mashine na michezo.

Wanaosema mtetemo wote ni mmoja wamekosea pia. Simu nyingi za bei nafuu, zikiwamo zilizojaa katika maduka yetu, hutumia mota ndogo inayozungusha uzito ulioegemea upande mmoja. Huchelewa kuanza na huchelewa kusimama, ndiyo maana huvuma. Simu za bei ya juu husogeza sumaku huku na huko kwenye mstari mmoja, nazo hutoa mdundo mfupi na safi. Kwa mwekezaji tofauti hiyo ina maana moja: mota za kwanza hutengenezwa na viwanda vingi sana kwa faida nyembamba, na asitafute utajiri huko.

Ama wale wanaoniambia kwamba miwani ya uhalisia pepe italipua soko hili mwakani, nimeambiwa hivyo kila mwaka tangu Ultrahaptics ya Bristol ilipoanzishwa mwaka 2013 na kuonyesha kwamba mawimbi ya sauti yasiyosikika yanaweza kumfanya mtu ahisi kitu hewani. Onyesho lile ni la ajabu na sayansi yake ni ya kweli. Tangu wakati huo kampuni imenunua nyingine, imebadili jina kuwa Ultraleap, na bado simu na runinga za nyumbani kwetu hazina kifaa hicho. Kampuni ndogo za aina hii nyingi ni za binafsi. Zikifanikiwa, mara nyingi hununuliwa na kubwa kabla hazijafika katika soko la hisa, kama Lofelt ya Berlin iliyonunuliwa na Meta mwaka 2022. Kwa hiyo mtu anayekutumia ujumbe wa WhatsApp akikuuzia hisa za kampuni ya mguso "kabla hazijaorodheshwa" kwa kawaida hana njia halali ya kukupatia, na nawaomba wateja wangu wasimjibu hata kwa adabu.

Mwalimu wangu aliuliza mwisho kuhusu gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, kwa kuwa alisikia Immersion hulipa. Ni kweli imewahi kulipa, lakini Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo, na Kenya na Tanzania hazina. Senti tatu zikitangazwa humfikia zikiwa senti mbili na kidogo, kabla ya ada ya dalali na ya kubadili fedha. Tulipiga hesabu hiyo kwa kiasi alichotaka kuweka, akaichukua karatasi na ripoti ya mwaka, akaenda kusoma.