Eneo la Wiski: Jina Lililo Kwenye Lebo Lina Maana Gani?

Simama mbele ya rafu ya duka la vileo kule Westlands au Ngong Road, usome chupa za Uskoti. Moja imeandikwa Speyside, nyingine Islay, nyingine Highland. Wateja wengi hapa Nairobi huyachukua majina hayo kuwa majina ya ladha: Islay ni moshi, Speyside ni utamu wa matunda. Sivyo hasa. Eneo ni mahali wiski ilipokenekwa, yaani pombe ilipochemshwa na mvuke wake ukakusanywa.

Kanuni za wiski ya Uskoti za 2009 zinatambua majina matano: Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown. Zinadai pia miaka mitatu au zaidi ndani ya pipa la mwaloni. Kuhusu ladha ya kila eneo, hazisemi lolote.

Basi moshi wa Islay ulitoka wapi? Anayeijua busaa anakijua kimea: wimbi huloweshwa, likaota, likakaushwa. Wiski ya kimea hufuata njia hiyo hiyo, ila nafaka yake ni shayiri. Kisiwani Islay miti ilikuwa haba, kwa hiyo watu walikausha kimea chao kwa piti, ule udongo mweusi wa kinamasi uliojengwa na mimea iliyokufa kwa maelfu ya miaka. Moshi wake huganda kwenye punje, na haubanduki hata baada ya kukenekwa. Laphroaig, wiski ya kisiwa hicho, hunukia kama dawa ya kusafishia kidonda kwa sababu hiyo. Mfano wa karibu zaidi ninaoujua ni mursik, maziwa wanayopokelewa nayo wanariadha wetu wakitua JKIA: ile ladha ya mkaa haikutoka kwa ng'ombe, ilitoka kwenye kibuyu kilivyoandaliwa.

Ndiyo maana jina la eneo peke yake linaweza kukupotosha. Kiwanda cha Bunnahabhain kiko Islay, na sehemu kubwa ya wiski yake haina moshi. Yoichi iko Hokkaido, Japani, na moshi wake unausikia wazi. Kiwanda hicho kilianzishwa 1934 na Masataka Taketsuru, aliyejifunza kazi huko Uskoti.

Pipa nalo lina neno lake, tena kubwa. Bourbon ya Marekani, ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi, lazima ikae kwenye pipa jipya lililochomwa ndani. Mapipa hayo yakishatumika, mengi huuzwa Uskoti. Ule utamu wa vanila unaousifia Speyside mara nyingi umetokana na pipa lililovuka bahari.

Ukitaka kuonja tofauti hizi, agizeni toti tatu mkiwa kikundi, mgawane, maana toti ya Islay haina bei ya bia. Anzeni na Lowland, kisha Speyside. Ya moshi iwe ya mwisho, kwa kuwa ikitangulia itazifunika nyingine ulimini. Nusa kabla ya kunywa, mdomo ukiwa wazi kidogo. Onja tupu, halafu dondosha matone machache ya maji uonje tena. Soda isubiri siku nyingine, na barafu pia, kwani baridi huifunga harufu.