Ndumilakuwili Ana Kichwa Kimoja

Wiki iliyopita mama mmoja wa Tabata alinitumia picha ya mnyama aliyekatwa vipande vitatu kwa jembe, na chini yake akaandika: "Mwanangu, huyu ndumilakuwili tumemuwahi, ila tumeshindwa kujua kichwa chenyewe ni kipi." Hiyo ilikuwa picha ya nne tangu masika yaanze, na uvumilivu wangu umefika ukingoni.

La kwanza, ile imani kwamba ndumilakuwili ni nyoka mwenye kichwa kila ncha, ni jepesi. Nyoka wenye vichwa viwili huzaliwa kwa nadra, kutokana na hitilafu ya kiinitete, na vichwa hivyo hukaa upande mmoja, bega kwa bega, kama nyoka angekuwa na mabega. Mgeuze ndumilakuwili tumbo, itafute kloaka, yaani tundu lake la haja. Kuanzia hapo hadi ncha iliyo karibu ni mkia, basi.

Kinachoniudhi hasa, mimi ninayeandaa mwongozo wa kutambua reptilia na amfibia wa pwani yetu, ni kwamba jina hilo moja limebebeshwa wanyama wa makundi matatu. Anayeletwa kwangu kutoka mitaa ya Dar es Salaam karibu kila mara ni nyoka kipofu, na mara nyingi ni Indotyphlops braminus, mgeni kutoka Asia aliyeenea duniani ndani ya udongo wa vyungu vya maua, kiasi kwamba anayenunua mche kando ya barabara huenda akaondoka naye bila kulipia nyongeza. Wote ni majike, na mayai yao huanguliwa bila mbegu ya dume, hivyo mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Hula mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Macho yake ni vidoa viwili chini ya magamba, na mkia wake butu una kijiba, yaani mwiba mdogo, anachokikita ardhini anapojisukuma. Ukimshika, hukikita kidoleni mwako, nawe utaapa kwamba kichwa cha pili kimekuuma. Hakina sumu. Nashuku imani yote ilianzia kwenye kijiba hicho, ingawa ushahidi sina.

Kundi la pili ni amfisbena, reptilia wa chini ya udongo, ambao wapo kusini kama vile Rondo mkoani Lindi. Hawa si nyoka: magamba yao yamepangwa kwa pete. Hapa sicheki sana, kwa sababu jina lao la kisayansi, lenye asili ya Kigiriki, maana yake ni aendaye pande mbili. Wa kundi la tatu, sesilia, kama Schistometopum gregorii wa matope ya Rufiji, ni amfibia, ndugu wa chura, mwenye ngozi laini yenye unyevu. Kumweka katika ukurasa wa nyoka kwa kuwa hana miguu ni sawa na kumweka mkunga humo humo.

Nakiri kwamba picha ya simu hainitoshi. Braminus huthibitishwa kwa kuhesabu safu 20 za magamba kuzunguka mwili, tena kwa lenzi, na anapokaribia kujivua gamba hupauka akawa na rangi ya samawati. Mara mbili nimemwandika daftarini kama spishi nyingine, na mara ya pili ilikuwa baada ya kuwaonya wanafunzi wangu juu ya kosa hilo hilo.

Yule wa Tabata jembe lilikuwa limemponda kichwa. Nimemwandika "nyoka kipofu, spishi haijatambuliwa".