Je, bosi anaruhusiwa kusoma barua pepe zako za kazini apendavyo?

Katika ofisi nyingi za Kisumu na Nakuru, wafanyakazi na mameneja huamini kwamba akaunti ya barua pepe ni ya kampuni, kwa hivyo bosi anaweza kusoma chochote, wakati wowote, bila kumwambia mtu.

Akaunti ni ya kampuni kweli. Hayo mengine hayafuati. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe lengo kabla ya kuzikusanya, kadiri inavyowezekana, na asichukue zaidi ya zinazohitajika.

Kwa hivyo sera inayofaa hutaja kinachorekodiwa, nani hufungua, kwa sababu gani, na nakala hukaa siku ngapi. Nyingi hukwama hapa: husema tu “tunaweza kukagua”, kisha hubandikwa ukutani karibu na chupa ya chai. Aliyeajiriwa baadaye haioni, na siku ya kikao cha nidhamu hakuna sahihi ya kuonyesha.

Ili kujua hali yako, omba sera kwa maandishi, utazame tarehe yake na kama ulitia sahihi. Kwenye Gmail, fungua mipangilio uone kama ujumbe unaelekezwa kwenye anwani nyingine. Usipoona kitu, usikate shauri bado: msimamizi wa mfumo anaweza kuweka nakala upande wa seva, mahali usipopaona. Mambo ya chama na mikopo yapeleke kwenye akaunti yako binafsi.