Kipepeo Apollo wa milimani: maua peke yake hayamtoshi

Apollo (Parnassius apollo) ni kipepeo mkubwa mweupe wa milima ya Ulaya na Asia ya kati. Mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 6 hadi 9. Ya mbele yana madoa meusi, na ya nyuma yana madoa mekundu ya mviringo, kila moja limezungushiwa weusi. Anapendwa sana, na huenda ndiyo maana mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

"Panda maua mengi, atakuja." Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote. Maua humlisha kipepeo, si kiwavi. Kiwavi wa Apollo hula majani manene yenye maji ya jamii ya Sedum, hasa Sedum album, mmea mfupi unaotambaa kwenye nyufa za miamba na changarawe, mahali penye udongo kiduchu. Nyasi ndefu zikiufunika unakosa jua na kufifia, hata kama bonde zima limechanua. Kwa hiyo Apollo anahitaji vitu viwili vilivyo karibu: mteremko wa mawe unaopigwa na jua kwa ajili ya kiwavi, na kando yake mbigili na maua mengine ya zambarau kwa ajili ya kipepeo. Penye maua bila mawe utaona vipepeo wapita njia tu.

"Ondoa mifugo, mlima upumzike." Hapa kuna nusu ya ukweli. Kundi kubwa la kondoo hukanyaga viwavi na kumaliza maua. Lakini malisho yakiachwa kabisa, nyasi hurefuka, vichaka huingia, kisha miti, na mawe hupoa kivulini. Kinachofaa ni mifugo michache kwa muda mfupi, au kufyeka vichaka kwa mkono. Ukifyeka, zoa majani yote uyatoe: yakiachwa hapo huoza, hurutubisha udongo, na nyasi hurudi kwa nguvu zaidi. Huko Pieniny, kusini mwa Poland, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki vipepeo wachache sana. Walizalishwa na kuachiliwa, lakini pia miteremko ya mawe ilifyekwa. Kuachilia vipepeo penye kivuli ni kazi bure.

"Baridi ndiyo inayowaua." Apollo hupitisha majira ya baridi akiwa yai, na ndani yake kiwavi mdogo amekwisha kuumbika. Theluji humfunika kama blanketi. Kinachomponza ni joto la mapema: anaamshwa, anatoka, kisha baridi ya kugandisha inarudi akiwa nje. Hata baadaye kiwavi hula pale tu jua linapowaka. Ni mweusi kama mahameli, na ubavuni ana mstari wa madoa ya rangi ya chungwa. Weusi huo humsaidia kupata joto haraka. Wingu likitanda hujificha chini ya jiwe, na mvua ya siku nyingi humchelewesha kukua.

"Pupa hutafutwa matawini." Wengi wanamfikiria pupa, yaani kiwavi anapogeuka kuwa kipepeo, akining'inia. Wa Apollo hulala chini, katikati ya mawe, ndani ya utando mwembamba wa hariri. Anayepita na reki kusafisha mteremko anawafagia bila kuwaona.

"Kile kifuko chini ya tumbo la jike ni mayai, au ni ugonjwa." Si hivyo. Ni kizibo ambacho dume hukitengeneza kwa ute wake wakati wa kujamiiana. Ute huo hukauka na kuwa mgumu, na dume mwingine hawezi kumpanda jike yule. Mayai hutagwa moja moja kwenye mmea wa chakula au karibu nao, hata juu ya jiwe au bua kavu.

"Hana namna ya kujitetea." Msogelee asubuhi kabla mwili haujapata joto la kuruka: huanguka chini, hufungua mabawa ghafla hadi wekundu wote uonekane, na hukwaruza mabawa kwa miguu. Unasikia sauti ya "sss" kama ya nyoka.