Mwanafunzi wa Lugha Anaponyamaza Ghafla

Mwaka nilioanza kufundisha Kiswahili Wisconsin, Marekani, mwalimu niliyechangia naye ofisi alifungua sandwichi yake mchana, akala mpaka akamaliza, akafuta meza. Hakunikaribisha. Kesho yake vilevile. Niliamini nimemkosea, nikahamia kula kwenye ngazi. Ilikuwa Desemba, jua linazama saa kumi na nusu, na Kiingereza nilichokisoma tangu utotoni kikawa kinanipotea mdomoni.

Huo ni mshtuko wa utamaduni. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliueleza Rio de Janeiro mwaka 1954: mtu hupotewa na ishara ndogondogo zinazomwambia asalimie vipi, akatae lini, nani anatania na nani hatanii. Mwanzoni mgeni hufurahia kila kitu. Uzito huja baadaye. Mwaka 1955 mwanasosholojia Sverre Lysgaard, aliyewachunguza Wanorwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa Marekani wa kubadilishana wasomi, alikuta walioelemewa zaidi ni waliokaa kati ya miezi 6 na 18.

Siku hizi nafundisha wageni Dar es Salaam. Mwanafunzi mchangamfu akinyamaza ghafla, simrundikii mazoezi ya ngeli. Namuuliza kimemkuta nini huko nje. Mmoja alijikwaa Kariakoo, watu wakamwambia "pole" kila upande. Alikasirika. Kwao anayesema hivyo ni mwenye kosa, kwa hiyo alidhani anachekwa. Mwingine aliambiwa na mama mwenye nyumba, kwa furaha kabisa, "Umenenepa!" Hakuja darasani siku mbili. Maneno yote hayo walikuwa wameyafaulu kwenye mtihani.

Ndiyo maana "pole" naifundisha kwa kuangusha vitabu. Darasa likikaa kimya, naviangusha tena. "Karibu" tunaifundisha kwa sahani ya maandazi: huumi kabla hujamkaribisha jirani, na jirani hujifunza kwamba "ahsante, nimeshiba" ni jibu halali.

Walimu wenzangu, mgeni akilalamika kuhusu desturi zetu, tusikimbilie kuzitetea. Mwacheni aseme yote, hata kwa lugha yake, kwa sababu aliyejaa uchungu hasikii sarufi.

Yule mwenzangu wa Wisconsin nilithubutu kumuuliza mwezi Machi. Alishtuka. Kwao, kumpa mtu mkate uliokwisha kuumwa ni kukosa adabu, na kwa muda wote huo alikuwa akijiuliza kwa nini nimeacha kula naye.