Je, wajua? Katuni ya dakika tatu haihitaji michoro 4,320

Kuna hesabu inayowakatisha tamaa wengi kabla hata hawajafungua programu: video hupitisha fremu 24 kwa sekunde, dakika tatu ni sekunde 180, basi michoro 4,320. Mtu mmoja ataimaliza lini?

Kuzidisha kuko sawa. Kosa ni kudhani fremu na mchoro ni kitu kimoja. Fremu ni nafasi tu ya picha moja kwenye video; mchoro mmoja unaweza kukalia nafasi mbili, tatu au hamsini. Hata katuni za sinema zilizochorwa kwa mkono, zenye pesa na wachoraji tele, sehemu kubwa zilikwenda kwa michoro 12 kwa sekunde, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Katuni za Kijapani mara nyingi hushuka hadi 8.

Televisheni ya Marekani ilibana zaidi. William Hanna na Joseph Barbera walifungua kampuni yao ya katuni mwaka 1957, na dubu wao Yogi, aliyetokea 1958, anavaa kola na tai bila shati. Si urembo. Kola inaficha mahali kichwa kinapoungana na mwili, ili mwili uchorwe mara moja na kichwa pekee kicheze.

Anayefanya kazi peke yake hukituliza hata kichwa, akabadilisha mdomo tu. Hapa Kiswahili kina nafuu yake: irabu tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Midomo saba inatosha: uliofumba kwa m, b na p, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa f na v, kisha a, e, i, o, u. Ni kama mihuri ya ofisini: unachonga mara moja, unagonga popote. “Mama, maji yamekwisha” ni fumba, a, fumba, a. Fumba, a, i. A, fumba, e, u ya haraka kwa w, i, a. J, k na sh hazidai mchoro wao, maana kazi kubwa inafanywa na ulimi, nao hauonekani.

Usiruke kufumba. M isipopata walau fremu mbili, mhusika ataonekana kama aliyeingiziwa sauti ya mtu mwingine. Ukikosea, heri mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili kuliko kuchelewa.

Kwa hiyo sauti hurekodiwa na kukatwa kwanza, ndipo uchore. Programu za kuchorea katuni kama Krita, OpenToonz na Blender ni za bure. Weka fremu 24 kwa sekunde kabla ya kuingiza sauti, la sivyo ukibadilisha katikati midomo itaachana na maneno. Ongeza michoro mitatu ya kope, maana asiyepepesa anafanana na maiti. Sekunde sita za mazungumzo: mwili 1, midomo 7, kope 3. Michoro 11 badala ya 144.

Ubahili huu unaumbuka kamera inapomfuata mtu anayetembea. Mandhari yakisogea kila fremu huku yeye akisogea kila baada ya mbili, atatetemeka vibaya. Sogeza vyote kwa mwendo mmoja, au, wanavyofanya wengi, kata picha uende kwenye uso wake kwa karibu na umwache afike bila kuonekana akitembea.