Kesi Ikipigwa Kalenda, Gereza Linajaa

Karandinga likitoka gereza la Maweni asubuhi kuleta mahabusu mjini Tanga, watu walio barazani mtaa wa Ngamiani hugeuza shingo, kisha hurudi kwenye kahawa yao. "Wezi wamezidi mji huu," atasema mmoja. Pengine kweli. Ila mimi kazi yangu ni kutoa msaada wa kisheria, na hao wanaoshuka garini na ndara zao miguuni nimewazoea kwa sura. Wengi wao hawajahukumiwa chochote. Wanasubiri tarehe.

Piga hesabu ndogo. Tuseme kila wiki wanaingia mahabusu watu 10. Kila mmoja akikaa wiki 2, siku yoyote utakayohesabu utawakuta 20 ndani. Kila mmoja akikaa wiki 20, utawakuta 200. Wezi ni wale wale 10 kwa wiki. Kilichobadilika ni kasi ya mahakama, polisi na waendesha mashtaka, pamoja na ndugu wanaohangaikia dhamana.

Hapo kwenye dhamana ndipo ninapoona watu wakipotea bure kuliko pengine pote. Nitatoa mfano niliouunga kutoka kesi nyingi. Kijana wa Makorora ameshtakiwa kwa wizi wa baiskeli, na kwa mji wa baiskeli kama wetu shtaka hilo si geni. Kosa lina dhamana. Hakimu anasoma masharti: wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, kila mmoja asaini bondi ya shilingi 500,000. Mama mtu yuko nje, barua ameifunga kwenye pindo la kanga. Karani anaikunjua: saini ya mtendaji ipo, muhuri hakuna. Mama anakimbilia bajaji, anakuta mtendaji kaenda kikaoni. Anarudi saa kumi kasoro, karandinga limeshaondoka. Tarehe nyingine ni baada ya siku 14, na mama anaenda nyumbani akiamini ndivyo sheria ilivyo, kijana akae hizo siku 14.

Sivyo. Masharti yakitimia kesho yake, wadhamini warudi kesho yake mahakamani na kuomba mshtakiwa aletwe adhaminiwe. Hakuna haja ya kungoja siku ya kesi. Na ile laki tano haitolewi dirishani. Bondi ni ahadi: mdhamini atadaiwa fedha hizo iwapo mshtakiwa atatoroka. Nimemwona mjomba mzima akiondoka kimyakimya baada ya kusikia kiasi kikitajwa, akidhani anatakiwa aweke mezani.

Yapo makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo anayeandika hati ya mashtaka ana uzito mkubwa kuliko tunavyofikiri. Shtaka moja la utakatishaji fedha likiongezwa juu ya shtaka la wizi, mlango wa dhamana umefungwa kabla hakimu hajasema neno. Wakati wa majadiliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa kupatana na waendesha mashtaka akiri ili apate nafuu, utaratibu ulioingizwa katika sheria yetu mwaka 2019, mtu aliye nje kwa dhamana na mtu aliyeko Maweni hawakai mezani wakiwa sawa.

Kisha kuna ile sentensi ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anaijua: "Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haiachii kalenda ipigwe tu. Mshtakiwa akiwa mahabusu, ahirisho moja lisizidi siku 15. Maahirisho yote pamoja yakivuka siku 60, upande wa mashtaka unatakiwa ulete hati, kwanza ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, kueleza haja ya kuongezewa muda. Bila hati, kesi isikilizwe, na upande wa mashtaka ukishindwa kuendelea, mshtakiwa aachiwe, ingawa kuachiwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Mwaka 2022 Bunge likaongeza kwamba mashtaka yasifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Asiye na wakili naye anaweza kusimama na kusema: "Mheshimiwa, siku 60 zimepita." Wengi hawasemi kwa sababu hawahesabu. Ndugu aliye nje ana kalamu. Aandike namba ya kesi na kila tarehe.

Kesi ya mauaji ni habari nyingine. Mshtakiwa anafikishwa mahakama ya chini na kuambiwa asijibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Anarudi kila baada ya wiki mbili mbele ya hakimu asiyeweza kumhukumu wala kumpa dhamana, mpaka shauri lihamishiwe Mahakama Kuu. Hao ndio wakongwe wa mahabusu.

Upande wa adhabu nao unajaza gereza au unalipunguza. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kiwango cha chini cha miaka 30, na hapo hakimu hana pa kupumulia. Kwa makosa madogo ana nafasi tele: kifungo cha nje, uangalizi wa afisa probesheni, au huduma kwa jamii, ambayo tangu sheria ya mwaka 2002 inaweza kutolewa pale kifungo kisipozidi miaka 3. Hata faini, mshtakiwa anaweza kuomba muda wa kulipa. Anayenyamaza akisikia "faini au miezi sita" hana pa kwenda ila gerezani, kwa umaskini wala si kwa ubaya wa kosa lake.

Wafini, watu wa Finland, waliliona hili mapema. Mwaka 1950 nchi yao ilikuwa na wafungwa karibu 190 kwa kila watu 100,000. Wakapunguza adhabu za wizi, wakapanua vifungo vya nje, na kufikia miaka ya 1990 walikuwa wameshuka hadi kama 65, huku mwenendo wa uhalifu wao ukifanana na wa majirani zao. Sisemi tuige kila kitu. Nasema tu idadi ile ilishuka kwa kalamu.

Jambo la mwisho ni rufaa, kwa kuwa wiki haipiti bila mtu kunijia akiwa amechelewa. Hukumu ikitolewa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya rufaa itolewe ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe iwasilishwe Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliyeko gerezani hahitaji kutoka ili afanye hivyo: anaikabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye anaifikisha mahakamani.